Shuka la Kamba

Mrina hakuwa na tabia ya kulitazama jiwe kutoka chini. Wageni waliofuatana nasi mara moja moja walikuwa wakifika pale wanainua shingo, wanashika kofia zao, wanasema maneno mengi. Yeye alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa jiwe, akaweka kiganja, akakiacha hapo kama mama anayempima mtoto homa. Kisha alisema, "Leo limeamka vizuri," au, "Leo limenuna, turudi." Akisema turudi, tulirudi kweli, hata kama tumetoka Naipingo tangu jana yake na baiskeli mbili na madebe matupu.

Namwita Mrina kwa sababu ndivyo alivyoitwa na watu wote kati ya Nachingwea na Ruangwa. Warina asali walikuwa wengi, wa mizinga na wa mashimo ya miti. Lakini aliyerina kwenye majabali, akining'inia kwa kamba mbele ya ukuta wa jiwe, alikuwa yeye peke yake. Mimi ndiye niliyemshikia kamba kwa misimu minane. Mimi pia ndiye niliyemwangusha. Hilo la kumwangusha halikufichwa, kila mtu analijua. Kilichofichwa ni sababu yake, na niliyeificha ni mimi, miaka tisa, nyuma ya desturi yetu ya utani.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vya miguu vilivyoachana kama vya mkono. Viatu alikuwa navyo, vyeusi, vya kanisani. Alivibeba begani mpaka kwenye mlango wa kanisa, akavivaa, na ibada ikiisha akavivua pale pale. Mikono yake ilikuwa migumu kiasi kwamba alishika kaa la moto na kulihamisha jikoni bila haraka, huku akiendelea na mazungumzo. Habari za alikozaliwa sizijui vizuri. Alisema wazazi wake walivuka Ruvuma wakikimbia, na hakupenda kuulizwa zaidi ya hapo.

Nilichojua ni kwamba ukoo wake na wangu ni watani. Kwa msomaji asiyekulia kwetu nieleze kidogo. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia uani kwako, akakamata kuku, akaondoka naye mchana kweupe. Wewe unacheka, na siku yako ikifika unachukua kuku wake. Kukasirika ndilo kosa. Mtani akinuna, wazee humcheka mara mbili. Na ukifa, ni mtani anayechimba kaburi, anayekuosha kama hakuna mwingine, na anayewachekesha wafiwa ili wapate nguvu ya kula.

Alipofariki baba yangu, sisi Waislamu wa mtaa mzima tumesimama na jeneza, Mrina alitangulia akaingia kaburini akalala chali. Sheikh akangoja. Wajomba zangu wakakohoa.

"Toka humo, Mrina," akaambiwa.

"Sitoki. Nalipima. Huyu mzee alikuwa na miguu mirefu, na watani wenzangu kwa uvivu wao wamemchimbia la mtu kama mimi. Atalala amekunja magoti hadi kiyama?"

Mama yangu, ambaye hakuwa amefumbua mdomo tangu jana yake, aliposimuliwa nyumbani alicheka akiwa amejifunika kanga. Baadaye aliniambia kicheko kile kilimrudishia pumzi. Kaburi, kwa kweli, lilikuwa fupi. Tuliliongeza.

Kutokana na desturi hiyo Mrina alikuwa na sheria yake mwenyewe: kamba yake haishikwi na ndugu wala na rafiki, inashikwa na mtani. Nilimuuliza kwa nini.

"Ndugu yangu nikifa anarithi shamba," alisema. "Rafiki nikifa analia wiki moja, basi. Lakini mtani nikifa ndiye atakayechimba. Na wewe nakujua, jembe hulipendi. Utanishikilia kwa nguvu zako zote."

Sheria nyingine aliniambia siku ya kwanza kabisa, tukiwa chini ya jabali lile kubwa la upande wa Malolo: utani unaishia pale jiwe linapoanza. Juu hakuna mzaha. Juu hata jina la mtani hakunitajia. Aliniita "wewe". Mtu aliyeweza kupiga porojo kutwa nzima kwenye kibanda cha chai, juu ya jiwe alizungumza kwa kuvuta kamba tu: mara moja, nilegeze, mara mbili, nikaze, mara tatu, nivute debe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jabali lina mgongo unaopandika, upande wa nyuma, ingawa nako kuna mahali unatambaa kwa tumbo na kutafuta ufa wa kuingiza vidole. Tulipanda huko asubuhi ya kipupwe, jiwe likiwa baridi kama bati, maana nyuki wa saa za baridi ni wazito. Juu kabisa kuna mti mmoja, myombo uliopinda, ulioota kwenye ufa. Kamba, aliyoisuka mwenyewe kwa magome, ilizungushwa kwenye shina mara mbili, nami nikashika mwisho wake. Pale inapopita ukingoni kuelekea chini, alikunja gunia mara nne akalilaza chini ya kamba, ili kamba isisagwe na jiwe. Gunia hilo aliliita shuka la kamba. Alilitandika kwa uangalifu, akilinyoosha mikunjo. Kisha alijifunga kiunoni na mapajani, akawasha kienge cha majani makavu, akageuka akanipa uso, akashuka kinyumenyume, akiukanyaga ukuta kama anayetembea. Uso wake ulikuwa kitu cha mwisho kupotea.

Wakati wa kurudi ndipo nilipomstaajabia. Hakupenda kuvutwa. Alipanda ukuta ule kwa vidole vyake, mimi nikipunguza tu kamba iliyolegea, na nilimsikia akiongea na jiwe kwa lugha ya kwao, polepole, kama anayemwomba mtu asogee kidogo kwenye benchi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Paroko alimwomba apande ngazi azibe bati la kanisa lililokuwa linavuja. Akakataa katakata.

"Wewe unayening'inia kule Malolo unaogopa ngazi?"

"Baba, jiwe limetengenezwa na Mungu. Ngazi hii imetengenezwa na Fundi Chande, na Fundi Chande namjua."

Asali hakula. Alisema ukishaona nyuki wanavyohangaika huwezi. Lakini aliwavunjia nyumba kila mwaka, na akiulizwa alikuna kichwa. Aliacha daima masega mawili kwenye kila ufa, hata msimu wa shida. Aliwasema watu wanywaji kwa ukali sana, na yeye mwenyewe alikunywa, siku za Jumanne tu, bila kueleza Jumanne ina nini. Alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa kisu chake. Na utani wake, ambao kwa watu wengine ulikuwa mwepesi, kwangu ulikuwa na makali. Sidhani alijua. Alifikiri kwamba mimi, kwa kuwa nilifika kidato cha nne na nilikuwa karani wa ghala la korosho mwenye kalamu mfukoni, nina ngozi nene ya kuhimili zaidi. Kumbe mtu wa kalamu ndiye mwenye ngozi nyembamba.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa kipupwe, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulilala Malolo kwa dada yake, asubuhi tukapita kibandani kunywa chai kabla ya kupanda. Upepo ulikuwa mkali, watu wamejikunyata na vikombe. Wiki tatu kabla ya hapo mke wangu alikuwa amefunga mzigo wake akarudi kwao Likunja. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa mtu wa kufoka, na nilidhani Malolo hawajapata habari.

Mwenye kibanda akauliza, "Mrina, huyu ndiye unayemkabidhi roho yako? Anaonekana hata kikombe kinamtetemesha."

Mrina akaweka chini kikombe chake. "Msimcheke mtani wangu. Kamba anaijua sana kushika. Mke ndiye aliyemponyoka."

Kibanda kizima kilicheka. Mama mkaanga vitumbua alicheka mpaka akafuta macho. Nami nilicheka, kwa sauti kuliko wote, kwa sababu ndiyo desturi. Nikajibu kitu kuhusu vidole vyake vya miguu. Lakini ndani nilikuwa nimewaka. Yule mama wa vitumbua alikuwa wa Likunja, nilimfahamu, nikajua hadi jioni wakwe zangu watakuwa wameipata.

Tulipanda. Sikusema neno, na yeye hakuona ajabu, kwa sababu ya sheria yake. Akafunga kamba, akatandika shuka lake, akashuka. Uso wake ukapotea.

Upepo juu ya jiwe ulipenya shati langu. Nililitazama lile gunia. Nikawaza: nitalivuta, nijifunike, naye akipanda anikute nimevaa shuka lake, nimwambie ndiyo haki ya mtani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na hivyo ndivyo nilivyowaambia wazee baadaye. Ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka nimchukulie kitu chake, na nilitaka aone ubaya wake. Nikalivuta gunia, nikalitupia mabegani.

Kamba ikakaa juu ya jiwe tupu. Alipokuwa akihamahama huko chini kutoka ufa hadi ufa, ilisogea kushoto na kulia pale ukingoni. Baada ya muda nikaona nyuzi mbili zimekatika zimesimama, kama nywele. Niliziona. Nilikuwa na nafasi ya kulirudisha gunia. Nilisema moyoni, acha kwanza, acha ahisi kamba inatetemeka, aogope kidogo kama mimi nilivyoaibika. Nikahesabu. Nakumbuka nilihesabu, kama mtoto anayecheza kujificha. Nilipofika ishirini nilishtuka na nafsi yangu, nikafunga mwisho wa kamba kwenye shina, nikatambaa kwenda ukingoni na gunia mkononi. Nilikuwa nimebakiza nusu ya mkono hivi kuufikia ukingo. Kamba ikakatika mbele ya macho yangu. Haikutoa sauti kubwa.

Hakupiga kelele. Nilisikia debe likigonga jiwe, tena na tena, kisha nyuki.

Aliangukia kwenye kichaka cha mianzi, urefu wa kama mikorosho miwili, na mianzi ndiyo iliyomwokoa. Nyonga ilivunjika, na paja mahali pawili. Nilipomfikia nyuki walikuwa wamemjaa, nikamfunika kwa lile lile gunia, nikambeba mgongoni mpaka nilipokutana na watu. Walitengeneza machela kwa miti na kanga. Hospitali walimhudumia vizuri, wakamfunga, lakini nyonga ni nyonga. Alitoka na mkongojo, na hakupanda tena hata kichuguu.

Wazee wa koo zote mbili walikutana nje ya wodi. Nilisimama mbele yao nikasema nilimnyang'anya shuka lake kwa utani, nilikuwa na baridi. Nilitazama chini nikisema hivyo. Walinong'ona kidogo. Mkubwa wao akasema, "Mtani hana kosa kwa mtani. Yamekwisha." Kisha wakaingia kumwambia mgonjwa, ili naye akubali.

Mrina alikuwa amefungwa kwa vyuma na vijiwe vya kuvutia mguu. Akanitazama.

"Ulisikia baridi?"

"Nilisikia baridi."

"Basi mnunulieni sweta," akawaambia wazee, "maana safari ijayo atanivua suruali."

Wakacheka, na mimi nikacheka, na hapo mlango ukafungwa. Ningeweza kusema wakati ule. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, si mtoto. Lakini desturi ilikuwa imenipa mahali pazuri pa kujificha, nikaingia nikakaa.

Alihamia Malolo moja kwa moja kwa dada yake. Nilikwenda kumwona mwaka wa kwanza mara tatu, mwaka wa pili mara moja. Kila nikijaribu kusema pole, alinigeuzia maneno.

"Mtani haombi radhi. Unataka kuniharibia ukoo?"

Mke wangu alirudi mwaka ule ule wa ajali. Nilijifunza kupunguza kufoka. Ghala lilifungwa, nikarudi kwenye ufuta wangu. Maisha yalikwenda, nami nilikuwa napita barabara ya mbali nikienda Ruangwa, ili nisipite Malolo.

Niliposikia kwamba ameanza kukohoa sana, nilipanda gari la mizigo nikaenda. Ilikuwa kipupwe tena. Nilimkuta kwenye jamvi upande wa jua, nyuma ya nyumba ya dada yake, akisuka kamba za kuuza. Alikuwa amepungua, mabega yamekuwa ya mwanamke mwembamba, lakini vidole vilikwenda vile vile. Wanaume watatu wa mtaani walikuwa wamemzunguka kuchagua kamba za ng'ombe.

"Tazameni," akawaambia kabla sijamaliza kusalimu. "Mwizi amekuja mwenyewe. Huyu ndiye niliyewasimulia. Mimi nipo chini, nyuki wananishangilia, yeye yuko juu amejifunika shuka langu kama bwana harusi."

Wakacheka. Nilitambua kwamba walikuwa wameshaisikia mara nyingi, na kwamba walikuwa wakiipenda. Mmoja akasema, "Mzee, lakini si ungekufa?"

"Ningekufa angechimba yeye. Ndiyo maana alitia mianzi pale chini, mvivu huyu."

Alinitetea hivyo bila kujua anachotetea. Miaka tisa alikuwa akichukua kitendo changu na kukifanya kicheko, akikigawa kwa watu kama karanga, ili nisionekane mbaya. Nilikaa kwenye kona ya jamvi nikangoja wale watu waondoke. Walichagua kamba taratibu sana.

Walipokwenda nikasema, "Siku ile sikuwa na baridi."

"Hee?"

"Baridi ilikuwepo, lakini si hiyo. Ulinichoma kibandani, kuhusu mke wangu. Nilipanda na hasira. Nilitoa gunia kwa hasira."

Vidole vyake viliendelea mizunguko miwili, mitatu, vikasimama.

"Uliona kamba inakatika?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko yote, na ndilo alilouliza kwanza. "Niliona nyuzi mbili. Nikangoja. Nilitaka uogope."

"Ukangoja muda gani?"

"Wa kuhesabu ishirini."

Aliangalia magome yaliyokuwa mapajani pake. Midomo yake ilitikisika, na nikaelewa kwamba anahesabu. Alihesabu yote, kimya, mpaka mwisho, nami nikakaa nikisubiri. Sijawahi kukaa mahali kwa muda mrefu kama ule.

"Kwa hiyo hukuwa unatania."

"Sikuwa natania."

"Na mimi nimekuwa nikiwaambia watu." Alikohoa, akafuta mdomo. "Yale maneno ya mke yalikuuma?"

"Yaliniuma."

"Ungesema."

"Mtani hasemi."

"Kweli," alisema. "Hasemi." Kisha akaniita kwa jina langu, Issa, ambalo tangu tufahamiane sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. "Issa, nenda. Kesho usije. Kesho nataka kukukasirikia, na sitaki uwepo. Njoo keshokutwa."

"Nije na nini?"

"Njoo na miguu yako, si unayo miwili."

Nililala nyumba ya wageni Ruangwa. Siku ya kati nilikaa kwenye benchi la nje. Nilijua kwamba kilomita chache kutoka pale kuna mtu aliyeketi juani ananikasirikia, kwa haki kabisa, kwa jambo nililolifanya mimi na si kwa jingine. Iliuma. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa kulaumiwa na aliyestahili kunilaumu, na nilikaa ndani ya lawama hiyo kutwa nzima, sikutafuta kivuli.

Keshokutwa yake nilifika asubuhi. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikujua kama ni kikohozi. Nilibisha hodi, akachelewa kuitikia.

"Jana ilikuwa ndefu," akasema.

"Hata kwangu."

"Haikutosha. Nilidhani siku moja itatosha, haikutosha." Alisema bila kunitazama, pasipo mzaha wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Dada amepika uji. Kunywa, halafu uende zako. Urudi Jumamosi."

Nilikunywa uji mpaka mwisho wa bakuli. Jumamosi nilirudi.